Paka shume hakukosa adabu, alikosa wiki tano

Kwenye meza za kupaa samaki, iwe Lamu au Darajani Unguja, paka wa namna mbili hugombea utumbo uleule. Mmoja huja mpaka miguuni pa muuzaji, mkia wima kama mlingoti, akilia nyau. Mwingine amejibana chini ya meza, tumbo limegusa sakafu, kimya, anangoja muuzaji ageuke. Wote tunawaita paka wa mtaani, na makosa mengi huanzia hapo. Yule wa kwanza aliwahi kuwa na mtu, au bado anaye. Wa pili ndiye shume. (Wako wanaoliweka jina hilo kwa madume yenye mashavu mapana tu. Hapa ni paka yeyote, dume au jike, aliyekua bila mkono wa mtu.)

Shume si kimburu. Kimburu ni mnyama wa porini kwa asili: miguu mirefu, nyuma ya masikio ana wekundu wa kutu, ncha ya mkia nyeusi. Paka wa nyumbani wametokana na kimburu wa Mashariki ya Kati, yapata miaka 10,000 iliyopita, wakulima walipoanza kuweka nafaka ghalani na panya wakaifuata. Kwa damu, shume ni paka wa nyumbani kabisa. Kinachomtofautisha na yule anayelala kwenye kochi lako ni malezi. Mtoto wa paka hujifunza mtu ni kitu gani kati ya wiki ya 2 na ya 7. Akishikwa na kusikia sauti za watu wakati huo, amekuwa wenu. Wiki hizo zikipita bure, mtu kwake ni kama mbwa: wa kukimbiwa.

Mfano mzuri uko pwani ya Kenya. Mwaka 1978 Jeni Slater aliwakuta watoto wa paka wenye madoa kama gome la mti shambani kwake, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke. Wagiriama walikuwa wakiwajua zamani, wakiwaita kadzonzo. Alichukua dume na jike, akawalea nyumbani, na kizazi chao leo ni paka wa kufugwa wa kifahari, Sokoke, waliotambuliwa rasmi Ulaya mwaka 1993. Damu ni ileile ya paka wa vichakani.

Ukitaka kuwatofautisha, tazama mkia kwanza, kisha sikiliza. Mkia ulioinuliwa ni salamu. Kile kilio cha nyau paka wazima hawakitumii sana wao kwa wao. Ni sauti ya mtoto kwa mama, ambayo paka wa kufugwa huendelea nayo maisha yote kwa ajili ya mtu. Basi paka mzima anayekulilia barabarani, tena mchana, manyoya yamechakaa, huenda kapotea au katupwa. Shume ni mtulivu, hupenda kutoka wakati wa magharibi au alfajiri, na mara nyingi manyoya yake ni safi kuliko ya huyo aliyetupwa, kwa sababu yeye anajua kujitafutia. Ila usihukumu paka aliye ndani ya mtego. Humo hata kipenzi cha watoto atafoka na kuparua. Mweke mahali pa kimya, mfunike, mpe siku 2 au 3, ndipo uamue.

Kwa watoto wa paka, umri ndio kila kitu. Akizaliwa ana gramu kama 100. Macho hufumbuka kati ya siku ya 7 na ya 14, masikio husimama karibu na wiki ya 3, na kilo moja huifikia akiwa na miezi 2. Ukikuta watoto peke yao usiwazoe papo hapo. Mama huenda yuko mawindoni, ngoja kwa mbali saa kadhaa. Walio na wiki 5 hadi 8, ukitaka kuwazoesha watu, waweke kwenye chumba kidogo, si nyumba nzima, maana wakipata uvungu wa kabati hutawaona tena. Wasile ila wewe ukiwepo, kwanza kwa kijiko, halafu kwa kidole. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha, na kwa kiumbe mdogo kiasi hicho kuhara kunaua upesi. Mwenye miezi 4 na zaidi, kumzoesha kwa kawaida ni kupoteza muda na kumtesa.

Shume mzima asilazimishwe kuingia ndani. Mtege, ahasiwe, achanjwe kichaa cha mbwa, arudishwe palepale. Siku moja kabla ya kutega, mnyimeni chakula mtaa mzima; mama ntilie mmoja tu akisahau, mtego utabaki mtupu. Dagaa au samaki wa kopo wawekwe nyuma kabisa ya kibao cha kukanyaga, maana wakiwa mbele yake paka hula akaondoka. Mlango ukifunga, mtupie kitambaa mara moja. Gizani hutulia, kwenye mwanga hujipondaponda pua kwenye waya. Daktari wa mifugo humkata ncha ya sikio la kushoto, kama sentimita 1, akiwa bado na usingizi wa dawa, ili asitegwe tena bure. Dume hurudi baada ya siku moja, jike siku 2, lakini anayenyonyesha arudi mapema zaidi, wanawe wanangoja.

Wahasiwe wengi kwa mkupuo. Jike hushika mimba tangu miezi 4 hadi 6, hubeba takriban siku 63, na anaweza kushika nyingine angali ananyonyesha. Ukimfunga kizazi mmoja kila baada ya miezi mitatu hutawafikia. Kuwatia sumu ndiyo njia mbovu kuliko zote. Jalala likibaki na mapande ya samaki, paka wengine huhamia, tena wasiochanjwa.

Paka akikuuma, jino lake ni jembamba na refu: tundu hujifunga juu, usaha ukabaki ndani. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, uende hospitali siku hiyohiyo. Na paka mwenyewe akiugua usimpe panadol, humuua, wala usimpake dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrin.

Akisharudishwa, mlishe saa ileile kila siku na uondoe sahani baada ya nusu saa. Ikiachwa usiku, karamu ni ya panya.