Siku moja na "mtu wa ndoo" hospitalini Tanga

Mgonjwa akimwona mtu anachungulia chini ya sinki la wodi, hudhani katoka kampuni ya usafi. Wauguzi wapya hudhani katumwa kuwakamata. Kumbe ni mtu wa kuzuia maambukizi hospitalini, na kazi yake ni moja: aliyeletwa na mguu uliovunjika asirudi nyumbani na usaha alioupata humu humu wodini.

Saa 1:00 asubuhi. Baiskeli kutoka Ngamiani lazima ifike kabla zamu ya usiku haijaondoka, kwa sababu anayejua wodi imelalaje ni wa usiku. Maswali ni matatu tu: nani ana homa mpya, nani ameanza kuharisha, na mpira wa mkojo wa nani umekaa siku ngapi. Mpira usio na sababu unatolewa leo, si kesho. Mfuko wake uning'inie chini ya usawa wa kibofu bila kugusa sakafu. Ndugu wakija huupandisha kitandani ili mgonjwa asione haya, na mkojo wote unarudi ulikotoka.

Saa 2:00, klorini. Tunataka asilimia 0.5. Kwa Jik ya asilimia 3.5, ni kikombe kimoja cha dawa kwa vikombe sita vya maji. Kwa unga wa asilimia 70, ni gramu 7 kwa lita, yaani kama gramu 140 kwenye ndoo ya lita 20. Hesabu ni ndogo, ila mkono wenye haraka haupimi, unamimina. Wapo wanaozidisha "iwe kali": vyombo vinaliwa na kutu, wagonjwa wanakohoa, na vijidudu havifi zaidi ya pale. Wapo wanaochanganya na dawa ya choo yenye asidi, na hapo inatoka gesi ya kuwafukuza wote chumbani. Ndoo iliyoachwa wazi juani, ikifika jioni ni maji ya kawaida yenye harufu.

Damu ikimwagika, ifutwe kwanza kwa kitambaa kinachotupwa kwenye pipa la taka ambukizi, ndipo imwagwe klorini, isubiriwe dakika 10, halafu padekiwe. Ukimwaga klorini juu ya damu nzito, damu inaimaliza nguvu kabla haijafika sakafuni.

Saa 3:00 ni mapipa na visanduku vya sindano. Kisanduku kikifika robo tatu kinafungwa, basi.

Saa 4:20 simu inalia kutoka chumba cha upasuaji. Seti za vifaa vya upasuaji wa uzazi zimetoka kwenye otoklevu, mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke, zimelowa.

Kulowa huku si kuchuruzika. Ni vitone chini ya trei na kitambaa chenye ubaridi ukikigusa. Kina mama wanne wa upasuaji wa kupangwa wamefunga kula tangu usiku, dokta yuko tayari, na hoja yake ni ileile ya siku zote: mvuke umefika nyuzi 121, haya ni maji yaliyochemka, shida iko wapi? Shida iko kwenye kitambaa. Kikiwa kikavu kinazuia vijidudu vya nje. Kikilowa kinageuka utambi: kama utambi wa kandili unavyopandisha mafuta, nacho kinanyonya uchafu wa mezani na wa mikononi mpaka kwenye mkasi. Pakiti iliyolowa inahesabiwa haijatakaswa, hata kama imetoka mashineni dakika hii.

"Lakini utepe una mistari myeusi." Ndiyo, una mistari. Utepe wa nje unasema pakiti imepita kwenye joto. Hausemi joto limekaa dakika ngapi, wala kama mvuke ulifika katikati ya seti. Kazi hiyo ni ya kikaratasi cha ndani, nacho hukioni mpaka ufungue.

Basi tunatafuta chanzo, na leo kipo zaidi ya kimoja. Pakiti zimeshindiliwa kama abiria wa daladala ya Pongwe saa za jioni, mvuke hauna pa kupita. Trei za chuma zimepangwa juu ya vitambaa, zinadondoshea maji. Chuma hukaa rafu ya chini. Bakuli limelazwa chali likakusanya maji, wakati lilitakiwa lilale ubavu. Mzigo umetolewa ukiwa wa moto na kutuliwa juu ya meza baridi ya saruji, jasho likatoka chini. La mwisho ndilo baya kuliko yote: umeme ulikatika dakika ya 18, uliporudi mwendeshaji akaendelea na dakika 12 zilizobaki. Dakika 18 na 12 hazifanyi 30. Joto likishuka unasubiri lirudi 121, kisha unaanza moja.

Kwa hiyo kila seti inafunguliwa, inafungwa upya kwa vitambaa vikavu, tabaka mbili, na kupangwa kwa nafasi ya kupitisha kiganja kati ya pakiti na pakiti. Kupasha joto, dakika 30 za kutakasa, dakika 30 za kukausha mlango ukiwa umeachia kidogo: saa moja na nusu hivi. Hakuna namna ya kuifupisha. Nje, mkwe wa mmoja wa wagonjwa anauliza, "Mwanangu, mashine imekufa?" Haijafa, bibi, inarudiwa. Anatazama kwa macho ya kutoamini, na ana haki, maana tangu alfajiri ameambiwa "sasa hivi".

Upasuaji unaanza mchana. Kuanzia hapo saa zinapotea.

Muda wa kuona wagonjwa, watu wamekalia vitanda na hotpoti zao. Mhudumu wa usafi anachomwa na sindano iliyotupwa kwenye mfuko wa kawaida: sabuni na maji yanayotiririka, asikamue, asipake Jik, aende kuanza dawa za kinga ya VVU mara moja, vizuri ndani ya saa mbili, mwisho saa 72, azimeze siku 28. Chanjo ya homa ya ini ya B amepata dozi moja kati ya tatu, na hiyo homa ya ini ndiyo inayoambukiza kwa sindano kirahisi kuliko VVU. Kila mtu huulizia VVU tu.

Miguu imevimba, na vitakasa mikono bado. Lita 10: ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliseroli mililita 145, maji yaliyochemshwa na kupoa kujazia. Peroksaidi ni ya kuua mbegu za vijidudu zilizomo kwenye chupa, ndiyo maana dawa hukaa saa 72 kabla ya kwenda wodini. Leo Jumanne, itatoka Ijumaa.

Jioni ni daftari la otoklevu: namba ya mzigo, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, jina la mwendeshaji, kipande cha utepe kimebandikwa pembeni. Mzigo wa asubuhi unaandikwa pia, na kukatwa kwa mstari mwekundu. Vidonda vya kina mama wale wanne vitafuatiliwa siku 30.