Mzee wa Farmville

Binti yangu alipewa kazi ya shule kuhusu kesi ya Brown, na kwa kuwa tulikuwa tukikaa Richmond, Virginia, tukaona heri twende Farmville tukajionee. Nilijua kile ambacho wengi wanakijua: tarehe 17 Mei 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilitamka kuwa kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kuvunja katiba. Hukumu ile, ndiyo ya Brown, ilikusanya kesi kutoka majimbo 4. Ya Virginia ilianzishwa na wanafunzi wenyewe, huko Farmville.

Sekondari ya Moton, ambayo sasa ni makumbusho, ilijengwa mwaka 1939 kwa wanafunzi weusi 180. Kufikia 1951 walipita 450, na waliozidi wakasomea kwenye mabanda yaliyovikwa karatasi za lami. Tuliketi katika ukumbi ule ule ambamo Barbara Johns, msichana wa miaka 16, aliwakusanya wenzake tarehe 23 Aprili 1951, baada ya mkuu wa shule kuondolewa kwa simu ya uongo. Wakagoma. Walitaka jengo jipya, lakini mawakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, Oliver Hill na Spottswood Robinson, wakawaambia kesi ya jengo hawaichukui. Wakienda mahakamani, wanakwenda kuung'oa ubaguzi wenyewe. Wazazi wakatia sahihi. Nilimtazama binti yangu, umri wake ule ule, nikajiuliza kama mkono wangu ungeishika ile kalamu. Barbara ilibidi apelekwe Alabama kwa ami yake, kwa usalama wake.

Mle ukumbini alikuwamo mzee mmoja wa pale pale Farmville. Tukamwamkia, akasogea akakaa nasi, na yaliyobaki ya siku ile yalikuwa yake.

Mwaka 1959, alisema, mahakama ilipoamuru watoto wachanganywe, serikali ya kaunti yao ikakataa kutenga hata senti moja ya shule. Zikafungwa zote. Watoto wa kizungu wakafunguliwa shule ya binafsi. Watoto weusi, takriban 1,700, wakabaki nje: wengine wakapelekwa kwa jamaa mbali, wengine wakafundishwa kidogo kidogo makanisani. Yeye alikuwa na miaka 12, akaingia shamba la tumbaku. Mchungaji L. Francis Griffin na wenzake wakarudi mahakamani, na Mei 1964 Mahakama Kuu ikasema kuifunga shule ili kukwepa usawa ni kuvunja katiba vilevile. Shule za umma zikafunguliwa tena. Mzee wetu alikuwa na miaka 17, ana mshahara, na wadogo zake wanamtegemea. Hakurudi.

Hapo nilishikwa na hasira ambayo bado ninayo. Wakubwa wale wa kaunti walishindwa mahakamani mara mbili, na mara zote mbili aliyelipa gharama alikuwa mtoto.

Binti yangu akauliza kama serikali ilimfidia. Mzee akasema mwaka 2004 jimbo lilianzisha ufadhili wa masomo kwa waliofungiwa shule. Miaka 40 baadaye! Fomu alimpa dada yake, aliyetaka sana kumaliza sekondari. Yeye alishakuwa fundi seremala, na hesabu alizonyimwa, alituambia, alijifunza mwenyewe kwa kupima mbao za watu.