Maumivu ya neva ya uso: nilivyotumia Tegretol na mafuta ya Ayurveda pamoja

Watu wakisikia unaumwa uso moja kwa moja wanadhani jino. Na mie ndo nilianzia huko huko, kwa daktari wa meno, gego la juu la kulia likang'olewa, likatoka zima halina hata tundu, na maumivu yakabaki pale pale. Yani nikigusa shavu tu au upepo ukinipiga, inakuja kama shoti ya umeme kutoka pembeni ya pua mpaka kwenye ufizi, inakaa sekunde chache, inaondoka, unapumua, halafu inarudi tena. Mpaka unaogopa kucheka.

Aliyenipa jina la ugonjwa ni daktari wa neva hapa Muscat, Oman, trijemino nyuralgia. Kila upande wa uso una neva kubwa inayoleta hisia, ni ya tano katika zile jozi 12 zinazotoka kichwani, na ina matawi matatu, la kwanza linakwenda kwenye jicho na paji, la pili kwenye shavu na meno ya juu, la tatu kwenye taya la chini. Langu ni la pili, ndo maana nilidhani gego. Akanipeleka MRI, kile kipimo cha kupiga picha ndani ya kichwa, kwanza kuhakikisha hakuna uvimbe wala ugonjwa mwengine wa ubongo, pili kuangalia kama kuna mshipa wa damu unaoigandamiza ile neva inapotokea kwenye ubongo, maana mara nyingi chanzo ndo hicho, mshipa unadunda juu ya neva miaka na miaka mpaka ganda la neva linachakaa, ikawa hata mguso mdogo inauchukulia kama maumivu. Kwangu mie mshipa ulionekana.

Akaniandikia karbamazepini, wengi wanaijua kwa jina la Tegretol. Ni dawa ya kifafa lakini tangu 1962 madaktari wameijua kwamba inatuliza neva hii, na mpaka leo ndo dawa ya kwanza wanayoanza nayo. Na alhamdulillahi zile shoti zilipungua sana, hilo nalisema mwanzo kabisa ili mtu asije akasoma huku chini akadhani mafuta ndo yaliyofanya kila kitu. Tatizo ni kwamba ilinilevya. Nikisimama naona nyumba inazunguka, usingizi mchana kutwa, majina ya watu yananipotea mdomoni, na kipimo cha damu kikaonesha chumvi ya sodiamu imeshuka, ambalo ni jambo la kawaida kwa dawa hii. Daktari hakutaka kuniongezea dozi na shoti bado zilikua zinapenya hasa asubuhi.

Nieleze asubuhi yangu ilivyokua, kwasababu hapa ndo pagumu kwa mwenye ugonjwa huu na watu hawapajui. Unaamka alfajiri unataka kutawadha. Kusukutua ni maumivu, kupandisha maji puani ni maumivu, kuosha uso ndo usiseme, na kila mara ni mara tatu. Kuna siku nilikua nasimama mbele ya bomba nalia kabla sijafungua maji. Nikawa natumia maji ya vuguvugu, nagusa polepole kwa kiganja bila kusugua, mara moja moja tu badala ya tatu, inatosha. Na huku Muscat AC ziko kila pahala, ofisini, kwenye gari, msikitini, dukani, upepo wa baridi unakujia usoni moja kwa moja. Nilikua nafunika shavu kwa mtandio hata ndani ya nyumba.

Sasa Muscat ukitaka kumjua mtu wa Kerala, jimbo la kusini mwa India, huna haja ya kutafuta, manesi, wahasibu, wenye maduka, wamejaa, na kliniki zao za Ayurveda, tiba ya asili ya Kihindi, ziko mtaa kwa mtaa. Wifi yangu anafanya kazi na manesi wa huko, akaniambia "wifi, twende tu tukamuone huyu daktari wao, hutopoteza kitu, ukiona hakueleweki tunarudi nyumbani." Nikaenda. Daktari ni mwanamke, ana digrii yao ya BAMS ambayo inasomwa miaka mitano na nusu, na alipoona karatasi zangu za hospitali kitu cha kwanza alichoniambia ni kwamba vidonge nisiviache, na kila atakachonipa nikamuoneshe daktari wa neva. Hapo ndo nilipomuamini.

Kwa maelezo yao mwili unaendeshwa na nguvu tatu, vata, pitta na kapha, na vata ndo ya upepo, ya mwendo na ya neva. Maumivu ya ghafla yanayoruka ruka wao wanasema vata imechafuka. Kitabu chao cha zamani, Sushruta Samhita, kinataja ugonjwa unaoitwa anantavata, maumivu yanayoanzia kisogoni yanakwenda kwenye jicho, nyusi na taya, na matabibu wengi wa leo wanausema ndo huu wetu. Mie sikuhitaji kuamini habari ya vata yote, ila aliponiambia inachafuliwa na upepo, baridi, njaa, kukesha na wasiwasi, nikaona kanitajia maisha yangu yote, maana hivo ndo vitu vilivyokua vinaniamshia maumivu.

Tiba kubwa aliyonipa inaitwa nasya, mafuta ya puani. Nilikua na hofu nayo kwasababu uso wangu haushikiki. Yule dada anayefanya kazi hiyo hakunigusa uso siku za mwanzo kabisa, alianza na nyayo, mabega, shingo na kisogo, mafuta ya ufuta ya moto moto, mpaka taya likaacha kukaza, na sikujua kama nilikua nakaza meno mchana kutwa kwa kuogopa. Baadae akawa anagusa upande wa kushoto tu, ule usiouma. Halafu kitambaa kilichochovywa maji ya moto kikakamuliwa, anaweka kwenye paji na shingo. Ndo unalala chali, kichwa kinaning'inia nyuma kidogo kwenye mto wa shingo, anapasha moto kichupa ndani ya bakuli la maji, anajaribu tone mkononi mwake, anatia matone machache tundu moja huku kaziba jengine, unavuta taratibu. Yanashuka mpaka kooni, yana ladha ya ufuta uliopikwa na maziwa. Unatema, humezi, huku yeye anasugua viganja na nyayo zako, mwisho unasukutua maji ya moto.

Mafuta yenyewe yanaitwa ksheerabala, ni mmea unaoitwa bala umepikwa na maziwa na mafuta ya ufuta, na kile kichupa cha matone kimeandikwa 101 kwasababu hupikwa tena na tena mara hizo zote. Sisi tuliokulia pwani ufuta tunaujua toka utotoni, kwahivo harufu yake haikunisumbua.

Baadae nikaenda Kozhikode, mji wa huko Kerala, ndege kutoka hapa ni masaa matatu tu hivi, wakati wa mvua zao za Julai na Agosti, ambao wao ndo wanaupenda kwa matibabu kwasababu hewa ina unyevu na mwili unapokea mafuta. Huko nilifanyiwa shirodhara, unalazwa kwenye kitanda cha mbao, chungu kinaning'inia juu yako, mafuta ya vuguvugu yanatiririka kwenye paji mfululizo. Nilihofia yataniamsha maumivu, wakawa wanamimina juu zaidi karibu na nywele. Nililala usingizi ambao sikuupata tangu niumwe. Kwa maoni yangu hii ndo iliyonisaidia zaidi, zaidi hata ya matone ya puani, kwasababu ukilala vizuri maumivu ya asubuhi yanapungua nguvu.

Nyumbani nimebaki na vitu vichache. Chakula cha moto kilichoiva vizuri na samli kidogo, supu, wali laini, mboga za kupikwa, kunde na mbaazi nimepunguza kwasababu wao wanasema zinaleta upepo, na kutafuna sana pia kulikua kunaniumiza. Sikai na njaa. Kulala mapema. Matone mawili mawili ya mafuta asubuhi kabla ya kutoka. Ramadhani nayatia usiku baada ya kufuturu kwasababu yanafika kooni, na daktari wa neva alinibadilishia vidonge vya kutoa dawa taratibu ili dozi ikae futari na daku, hilo usilipange mwenyewe.

Matokeo? Shoti hazikuisha. Zimekua chache, na dozi ya Tegretol daktari ameishusha kidogo kidogo mpaka kichwa kimekaa sawa, natawadha bila kulia. Lakini niwe mkweli, ugonjwa huu una tabia ya kunyamaza wenyewe kwa miezi hata miaka halafu unarudi, kwahivo siwezi kuapa kwamba ni mafuta. Tafiti za nasya kwa ugonjwa huu ni za watu wachache wachache tu. Ninachoweza kuapa ni usingizi, shingo kulegea, na ile hofu kupungua.

Na kuna mambo yananiudhi sana. Kuna wanaokwambia acha vidonge vya hospitali, hiyo ni sumu, kula unga huu. Ukiacha karbamazepini ghafla maumivu yanaweza kurudi kwa nguvu, na mwenye kifafa anaweza kuanguka. Halafu zile dawa za Ayurveda zinazoitwa bhasma na rasa zina madini ndani, mie nilikataa zote na daktari wangu hakunilazimisha. Mwaka 2004 jarida la JAMA la Marekani lilitoa uchunguzi wa dawa 70 za Ayurveda zilizokua zinauzwa madukani Boston, 14 zikakutwa na madini ya risasi, zebaki au arseniki. Kumbuka risasi yenyewe inaharibu neva, yani unaumwa neva unameza kinachoua neva! Unga usio na lebo, usioandikwa kiwanda, usinunue hata aliyekuletea ni shoga yako kutoka India.

Jengine, dawa zao nyingi zimetiwa pilipili manga, na ndani yake mna kitu kinachoweza kupandisha kiwango cha karbamazepini kwenye damu, wewe utadhani ugonjwa umezidi kumbe dawa imezidi. Ashwagandha nayo inaongeza usingizi juu ya usingizi na kuna watu imewadhuru ini. Kwahivo mie nimebaki na mafuta ya nje na ya puani, vya kumeza sitaki. Na kama umeanzishwa Tegretol ukaona vipele mwilini au vidonda mdomoni, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Operesheni ipo, wanafungua nyuma ya sikio wanautenganisha mshipa na neva kwa kuweka kipande laini cha teflon katikati, na nimeshazungumza na daktari kwamba dawa zikishindwa nitaifanya. Kwa sasa nimefika pahala naweza kula chungwa bila kufikiria.

Nasya usifanye ukiwa na mafua, homa, mimba, au umetoka kula sasa hivi, na mara ya kwanza usijifanyie mwenyewe nyumbani. Na kabla hujakubali kung'olewa jino ambalo halina tundu, muombe daktari wa meno akupige eksirei, na kama iko safi, muulize kuhusu neva ya uso.