Kwa nini WIC hukwamisha foleni, na keshia afanye nini

Keshia mpya kwenye supamaketi ya Marekani hufundishwa kufungua droo, kuangalia kitambulisho cha anayenunua bia na kukariri namba ya ndizi, 4011. Kadi za msaada wa chakula wa serikali, yaani SNAP na WIC, hutengewa dakika chache za mwisho, msimamizi akiwa ameshaanza kutazama saa. Halafu inaingia tarehe mosi. Foleni imefika kwenye rafu za sabuni, skrini inakataa, na mama aliyesimama mbele yako na mtoto mgongoni anaamini wewe ndiye uliyemnyima maziwa.

Kinachokataa ni orodha iliyo ndani ya mashine. Ukijua inavyosomwa, utakisia kosa kabla watu wa nyuma hawajaanza kuguna. Haya basi ni kwa wenzetu wa Kiswahili walio kwenye kaunta hizo, na wale waliotoka Kongo na Burundi ni wengi siku hizi.

Tuanze na kadi zenyewe. Fudi stempu, msaada wa chakula kwa wenye kipato kidogo, ilibadilishwa jina kuwa SNAP mwaka 2008, ila jina la zamani limekataa kufa. Vitabu vya karatasi vilishaondoka kabla ya hapo, na kufikia 2004 majimbo yote yalikuwa kwenye kadi ya EBT, inayopitishwa kwenye mashine kama ya benki. Kadi hiyo inaweza kuwa na mifuko miwili ndani: wa chakula na wa pesa taslimu. Mteja akibonyeza wa pesa wakati fedha zake ziko kwenye chakula, mashine itasema salio halitoshi, naye ataapa kwamba ana dola 200. Hakuna mwongo hapo. Arudie, achague chakula. WIC ni mpango mwingine kabisa, wa wajawazito, waliojifungua, wanaonyonyesha na watoto wasiofikisha miaka 5, na una masharti yake.

SNAP haina maneno mengi. Chakula cha kwenda kupika nyumbani kinapita: nyama, unga, mafuta, biskuti, hata mbegu na miche ya mboga. Pombe, sigara, sabuni, nepi, chakula cha paka, dawa na vitamini havipiti. Chakula cha moto nacho hakipiti, na hapo ndipo kuku wa kuchoma anapoleta kelele. Yule anayetolewa kwenye kabati la joto hapiti. Mwenzake aliyepoa akalala kwenye friji anapita. Usijaribu kutetea mantiki ya jambo hili mbele ya foleni. Onyesha friji ilipo.

Vinywaji vya kuongeza nguvu vina mtego wake. Geuza kopo usome kichwa cha jedwali: likiandikwa “Nutrition Facts” ni chakula, likiandikwa “Supplement Facts” ni kirutubisho, na SNAP hailipii. Makopo mawili yanaweza kukaa rafu moja kwa bei moja, moja likapita na jingine likagoma. Usipogeuza kopo utabaki unaskani mara tano ukidhani skana imechafuka.

Tangu Januari 1, 2026 mambo yameongezeka uzito katika baadhi ya majimbo. Indiana, Iowa, Nebraska, Utah na West Virginia yalianza siku hiyo kuzuia soda, na mengine kati ya hayo yakaongeza peremende au vinywaji vya nguvu. Iowa walifuata kodi ya mauzo: chakula kinachotozwa kodi hiyo, SNAP hailipii. Sasa, kwa hesabu za kodi, kitu chenye unga wa ngano si peremende. Kwa hiyo chokoleti tupu inakataliwa, huku chokoleti yenye biskuti ndani ikipita. Keshia hana namna ya kulisema hili asionekane anatania. Sema tu, “Hii jimbo limeizuia, nyingine ile inapita,” kisha endelea. Na mteja aliyehamia kwako kutoka jimbo jingine huenda hajasikia lolote.

Kuhusu salio. Tuseme vyakula ni dola 31.15 na kadi ina 18.40. Mashine nyingine hula zile 18.40 na kukuachia 12.75 za kulipwa kwa njia nyingine. Nyingine hukataa muamala mzima, na wewe ndiye unayetakiwa kuandika 18.40 kwa mkono kabla ya kupitisha kadi tena. Jua mashine yenu ni ya aina gani siku ya kwanza. Kama mteja hajui salio, lipo mwishoni mwa risiti yake iliyopita, au apige namba iliyo nyuma ya kadi akiwa bado kwenye rafu, si akiwa kwako. Jumla ikishuka ghafla baada ya EBT kupita, usishtuke: sheria ya shirikisho hairuhusu kutoza kodi ya mauzo kwenye kinacholipiwa na SNAP, na kwenye majimbo yanayotoza kodi ya chakula, kama Alabama na Mississippi, tofauti inaonekana.

Sasa WIC, ambayo ndiyo hasa inayovunja watu moyo.

WIC haimpi mtu fedha za chakula. Inampa vipimo: maziwa kiasi hiki, nafaka za asubuhi aunsi kadhaa, mayai dazeni, maharage au siagi ya karanga. Kila jimbo lina orodha yake ya bidhaa zilizokubaliwa, hadi chapa na ukubwa wa pakiti, na mashine hulinganisha msimbopau wa kila kitu na orodha hiyo. Aliyezoea Bamba Chakula, msaada wa chakula kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, ambako thamani ilikuwa kwenye simu na unachagua chakula kwa mwuzaji, hushangaa sana hapa.

Tazama toroli moja. Mtoto wa miaka 3, kwa kanuni za 2024, ana robo galoni 14 za maziwa kwa mwezi, yaani galoni tatu na nusu. Mama ameshachukua galoni tatu wiki zilizopita. Leo ameleta galoni nzima. Inagoma, kwa sababu iliyobaki ni nusu, na mashine haikati galoni katikati. Dawa ni chupa ya nusu galoni. Lakini ikigoma hata hiyo, angalia mafuta: maziwa yenye mafuta kamili kwa kawaida ni ya mtoto wa mwaka mmoja, na kuanzia miaka 2 huwa ni asilimia 1 au yasiyo na mafuta. Chapa sahihi, ukubwa sahihi, mafuta si sahihi: inakataliwa, na skrini haikwambii ni lipi kati ya hayo matatu.

Nafaka ni hesabu tupu. Aunsi 36 kwa mwezi. Boksi tatu za 12 zinakamilisha, na boksi mbili za 18 zinakamilisha. Mtu akichukua moja ya 18 na moja ya 12, anabaki na aunsi 6 ambazo hazinunui kitu, na mwezi ukiisha zinapotea. Ukiona anapakia hivyo, mwambie mapema. Ni sekunde tano tu. Mkate nao huangusha wengi: jimbo likiorodhesha wa aunsi 16, ule wa aunsi 20 wa chapa ileile hautapita.

Maziwa ya kopo ya watoto wachanga yasikuingize kwenye ubishi. Jimbo huingia mkataba na kampuni moja, na kopo lazima liwe chapa ile, aina ile, ukubwa ule. Kama rafu ni tupu, mpe mama jibu la kweli kwamba hakuna, na umwelekeze apige simu ofisi yake ya WIC. Usimpe “linalofanana nalo”.

Matunda na mboga ndiyo sehemu pekee inayohesabiwa kwa dola; mwaka wa bajeti 2025 ilikuwa dola 26 kwa mtoto kwa mwezi. Hapa kosa mara nyingi ni la keshia. Ukipima nyanya kisha ukabonyeza kitufe cha jumla cha “mboga”, WIC haitaitambua. Weka namba yake ya tarakimu nne, au tano zinazoanza na 9 kama ni ya kilimo asilia. Akizidisha dola 26, anaruhusiwa kulipa kilichozidi kwa EBT au pesa mfukoni.

Mpangilio wa malipo: WIC kwanza, halafu EBT ya chakula, halafu EBT ya pesa, halafu kadi ya benki au taslimu. Ukianza na EBT, SNAP italipia maziwa ambayo WIC ingelipa, na mteja atakuwa amekula fungu lake la mwezi kwa kitu alichopewa tayari. Kabla ya kuthibitisha WIC, mashine nyingi huonyesha orodha ya ilivyovikubali. Mpe nafasi aisome. Hapo ndipo pa kukamata kosa, maana baada ya kuthibitisha, WIC hairudishwi kwa pesa. Kitu kibovu hubadilishwa na kingine kilekile tu. Kwenye majimbo yanayotumia kadi ya chipu ya WIC, kadi ikae kwenye mashine hadi mwisho. Ikivutwa katikati, utaita msimamizi.

Huruma nayo ina mpaka. Kuskani msimbopau wa mkate uliokubaliwa ili mama aondoke na mwingine ni kosa, hata ukifanya kwa nia njema, na duka linaweza kuondolewa kwenye mpango. Kumpa mtu taslimu kwa EBT ndiyo hatari zaidi: duka linaweza kufungiwa SNAP moja kwa moja. Namba ya siri usiiandike wewe, hata mzee akikunong'oneza kwa sababu macho hayaoni. Ukanda wa sumaku ukichakaa, namba ya kadi unaweza kuiingiza kwa mkono, ila namba ya siri ni yake. Muamala ukikataliwa, msimbo 55 mara nyingi ni namba ya siri iliyokosewa, 51 ni salio, 75 ni majaribio yamezidi.

Na sauti. Kanuni za SNAP zinataka mteja wa EBT ahudumiwe kama wengine. Duka haliruhusiwi kumwekea foleni ya peke yake wala kiwango cha chini cha ununuzi. Lakini kutangaza “WIC imekataa!” kwa kipaza sauti hakujatajwa kwenye kanuni hizo, na ndiko kunakomdhalilisha mtu. Mwinamie useme kwa sauti ya chini, “Mama, hii ya galoni imegoma, tuchukue ya nusu.” Atume mtoto mkubwa, au mfungaji mifuko akakimbilie. Vitu vingine endelea kuviskani. Toroli nzima haina haja ya kusubiri chupa moja.

Kitu cha mwisho ni tarehe. Salio la SNAP linavuka mwezi. La WIC halivuki: fungu likifika siku yake ya mwisho hufa usiku wa manane. Siku hiyo jioni watakuja na orodha ndefu, na kila galoni itakayokataliwa saa tano na nusu inaweza kuwa imepotea kabisa. Muulize mteja kwanza, kabla hujagusa skana, kama ana karatasi ya salio, na mpange vitu vya WIC mbele kwenye mkanda.