Mapapai yangu hayaozi tena kabla ya kuliwa

Ushauri ulionichosha kuliko wote ni huu: "Chuma likiwa kijani kabisa, litakaa." Litakaa, ndiyo, ila bila ladha. Papai halina akiba ya wanga ya kugeuka sukari baada ya kuchumwa kama ndizi. Utamu wake wote linaupata likiwa mtini. Ukilikata mapema mno, hata likilainika mlaji anatafuna maji matupu. Mimi nasubiri mstari wa njano utokee kitakoni, ndipo nakata kwa kisu na kuacha kikonyo kifupi. Utomvu usidondokee matunda mengine, unaunguza ganda na kuacha mabaka.

Adui mwenyewe ni chule, yale madoa yanayobonyea papai linapoiva. Kuvu yake huingia tunda likiwa bado bichi shambani, ikajificha ndani ya ganda. Ndiyo maana unaliosha, unalipangusa linang'aa, na bado linaoza. Niliambiwa nipake mafuta ya kupikia. Nikapaka, madoa yakatoka vilevile.

Kilichoniokoa ni maji ya moto: nyuzi joto 49 za Selsiasi kwa dakika 20. Si uzushi wangu, Hawaii walishalichunguza jambo hili miaka ya 1950. Joto hilo linaifikia kuvu ndani ya ganda bila kuipika nyama. Kazi ni kulishikilia hapohapo, na hapa ndipo ninapojivunia. Wapo wanaosema upime kwa kidole. Kidole hakijui tofauti ya 49 na 54, lakini papai linaijua: likizidishiwa moto ganda linaungua na nyama inabaki na mabonge magumu yasiyoiva. Nunua kipimajoto, bei yake hailingani na hasara ya kreti moja.

Natumia pipa nililolizungushia blanketi kuukuu. Maji nayaanzishia juu kidogo ya 49, kwa sababu mapapai yakiingia tu joto linashuka. Kando naweka sufuria inayochemka, kipimajoto kikianza kuteremka naongeza kata moja pembeni, mbali na matunda, na kukoroga palepale. Tatizo lililonisumbua sana ni kwamba mapapai yanaelea, na upande uliobaki juu ya maji ndio ulioota madoa. Sasa nayatia kwenye mfuko wa neti wa vitunguu, na juu yake naweka sinia lenye jiwe. Yote yanazama, yote yanapata joto sawa. Siku niliyoona kundi zima limeiva safi pande zote nilifurahi mno!

Yakitoka, nayatumbukiza kwenye maji safi ya baridi, halafu nayaanika kivulini, safu moja, hakuna kupandanisha.

Halafu kuna hili la friji. Papai ambalo halijaiva linataka nyuzi 10 hadi 13. Chini ya hapo kwa muda linapata vishimo, nyama inakuwa kama imelowa maji, na wakati mwingine haliivi kabisa. Friji ya nyumbani ni baridi kupita kiasi, kwa hiyo nayaweka chumba chenye ubaridi na hewa, mbali na ndizi na parachichi zinazoiva, maana gesi yao ya ethilini inayaivisha haraka. Friji nayaachia yaliyokwisha kuiva, yale ya kuliwa ndani ya siku chache.