Kufungua maji: kumbukumbu za shamba la chumvi lililoachwa, Kunduchi

Novemba 2024

Naanza na mikoko iliyokufa. Mei 2023, masika yamekolea, tulipanda mbegu 640 za mkoko kwenye tope la mbele kabisa, upande wa bahari, pale ambapo ukisimama unakiona kisiwa cha Mbudya. Kampuni moja ilileta wafanyakazi wake, sisi wa mtaani tukaleta mbegu, na kwa asubuhi moja watu zaidi ya sitini walichomeka zile mbegu ndefu topeni kwa mistari iliyonyooka kama ya mahindi. Tulirudi nyumbani na furaha. Kufikia Desemba zilibaki 19. Masika yaliyofuata haikuwepo hata moja.

Nilikuwa nikienda kuziangalia zinavyokufa, kwa sababu nilitaka kujua zinakufa kwa nini. Vigamba vya baharini viligandia mashina mpaka yakainama kwa uzito. Majani mawili matatu ya juu yalivaa tope na hayakupata nafasi ya kukauka. Siku moja nilimkuta mzee mvuvi anatengeneza nyavu zake chini ya mkungu, wote tunamwita Babu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza nimepoteza nini kule topeni kila wiki. Nikamweleza.

“Pale maji hayaondoki, mjukuu wangu. Mkoko nao unataka kupumua. Ungekuwa unaota pale, ungeota tangu enzi za babu yangu mimi.”

Hapo ndipo mradi huu ulipoanza, ingawa ilinichukua mwaka mzima kukubali. Mikoko haiishi majini, inaishi mahali maji yanapofika na kuondoka. Ukitembea kutoka baharini kwenda nchi kavu unaona kila mti ulivyojichagulia kimo: mlilana mbele, mkoko wenye mizizi ya magongo nyuma yake, halafu msinzi na mkandaa, na mchu, ambao unavumilia chumvi kuliko wote, unaukuta hadi kule nyuma ambako ni bamvua tu, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, linalofika. Lile tope la mbele tuliloliona tupu halikuwa na upungufu wowote. Ndipo ndege kama sululu na chekeamwezi wanapokula maji yakipwa, hasa kuanzia Septemba wanapowasili kutoka kaskazini ya mbali. Tulikuwa tumewapandia miti mezani pao.

Kilichopungua kiko nyuma. Kuna shamba la chumvi lililoachwa, karibu ekari mbili, ambalo zamani lilikuwa mikoko mitupu. Wenye umri wa Babu wanakumbuka kuni za matanuru ya chokaa zikitoka humo humo. Baadaye likazungushiwa matuta. Bamvua likija mlango unafunguliwa, maji yanaingia, mlango unafungwa, jua linafanya kazi yake. Shamba lilipoachwa mlango ulizibwa na tope na kubaki umefungwa. Masika linajaa maji ya mvua yasiyo na pa kutokea, kiangazi linakauka na kubaki jeupe, linapasuka vipande kama sahani zilizovunjika. Mbegu ya mchu haiwezi hata kuingia, achilia mbali kuota.

Mikoko ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi wa serikali, kwa hiyo hata kama unataka kufanya jema hujichukulii jembe ukaenda. Tumeomba ruhusa kwa barua, tumepeleka na mchoro wa mkono wa kile tunachotaka kufanya. Ombi letu ni dogo: kuvunja tuta sehemu mbili. Hatujaomba kupanda kitu.

Januari 2025

Ruhusa ipo. Kabla ya kuvunja, tupime.

Kuna mtaalamu wa Marekani, Robin Lewis, aliyefanya kazi ya kurudisha mikoko Florida kwa miaka mingi. Hoja yake naweza kuieleza hivi: tafuta kwanza kilichozuia mikoko isiote yenyewe, kiondoe, kisha uone kama kuna haja ya kupanda. Na ili ujue kimo sahihi, usikisie, nenda kwenye msitu mzima wa jirani ukapime miti imesimama wapi.

Hatuna vyombo vya wapima ardhi. Fundi ujenzi mmoja wa hapa mtaani alituazima mpira wa maji, ule mwembamba unaoonyesha ndani, ambao mafundi wanatumia kupata usawa wa msingi. Tuliujaza maji tukatia kikombe cha chai ya rangi ili mstari uonekane juani. Mmoja anashika ncha moja kwenye mti uliopigwa alama za sentimita, mwingine anakwenda na ncha ya pili mpaka mpira uishe. Mnasubiri maji yatulie, mnapaza sauti, mnaandika. Halafu mnahama. Povu moja tu la hewa likiingia kipimo chote ni bure, na tuligundua hilo tukiwa kituo cha sita kati ya tisa. Tulirudi mwanzo.

Tulipoteza Jumapili mbili, ila jibu lilikuwa zuri kiasi kwamba nililisoma mara mbili kwenye daftari. Mchu wa chini kabisa katika msitu wa jirani umesimama sentimita 31 chini ya sakafu ya shamba. Mchu wa juu kabisa umesimama sentimita 18 juu yake. Sakafu iko katikati, ndani ya kimo kile kile cha mchu. Hatuhitaji kuchimba wala kujaza. Kinachokosekana pale ni maji tu.

Mwanafunzi mmoja alikuja na kipima chumvi, kile cha tone moja unachochungulia kwenye mwanga. Maji ya bahari yalisoma 35 kwa elfu. Tone kutoka kwenye kidimbwi cha ndani ya shamba lilipanda hadi mwisho wa mistari, 100, na huenda lilizidi hapo.

Februari

Kosa, na ni langu. Kando ya tuta la kusini kulikuwa na zulia la mboga pwani, ile yenye vijani vinene na viua vya zambarau. Niliwaambia vijana waing'oe tupate njia ya kupitia. Wakang'oa kama mita 20. Baadaye nilipokuwa nainua kipande kilichobaki nikakuta chini yake tope lina unyevu, rangi nyeusi, na ndani ya vikonyo vyake zimenasa mbegu tatu za mchu zilizorushwa na maji juu ya tuta. Mbili zilishakauka, moja ilikuwa imetoa mzizi. Ile mboga inashika mbegu isipeperuke, inaifunika na jua, inapunguza ukali wa chumvi pale chini. Ni yaya wa mchu, nami nilikuwa nimemfukuza. Tuliokota vikonyo vilivyong'olewa tukavirudishia topeni jioni ile ile. Vingi vimeshika.

Machi 22

Tulichagua Jumamosi ya maji mafu, yale madogo ya kati ya bamvua na bamvua, ili bahari isitukute kazini. Ilikuwa Ramadhani, nusu ya kikundi wamefunga, kwa hiyo tulikubaliana kuanza mara baada ya swala ya alfajiri na kuacha kabla jua halijakaza.

Tuta ni gumu kuliko linavyoonekana. Juu ni mchanga na kifusi, chini ni tope lililokandamizwa kwa miaka, sururu inadunda. Tulikata pengo la kwanza pale mkondo wa zamani ulipokuwa ukipita. Ukiangalia vizuri bado unaona mkunjo wake ardhini, na upande wa pili kijito kimefuata mkunjo huo huo. Babu ndiye aliyetuonyesha, kwa mguu. Upana mita tatu, kina mpaka usawa wa sakafu na zaidi kidogo.

Tulipofika chini yalitoka maji ya rangi ya kutu, yana harufu ya yai bovu. Baadhi walirudi nyuma. Tope la mikoko likifungiwa hewa huwa salama, likikauka miaka mingi linatengeneza asidi, na asidi hiyo ndiyo inayotoa ile kutu. Inahitaji kuoshwa na maji ya bahari, tena na tena. Tuliacha itoke taratibu. Kifusi tulikitawanya juu ya tuta badala ya kukimwaga kwenye kijito, kwani tungeziba tulichokifungua.

Machi 31

Bamvua la Machi ni miongoni mwa makubwa ya mwaka, na safari hii liliandamana na Idi. Tulikula pilau, tukasalimiana, na kufika saa kumi jioni tulikuwa tumejipanga juu ya tuta na kanzu zetu, watoto wamevaa nguo mpya na viatu mkononi.

Maji hayakuingia kwa kishindo. Kwanza ulikuja ulimi mwembamba kwenye pengo, umebeba majani makavu na povu, ukasimama kama unaulizia njia. Ukarudi. Ukaja tena, ukavuka. Ukafuata ule mkunjo wa mkondo wa zamani hatua kwa hatua, bila kuelekezwa na mtu, kisha ukaanza kumwagikia pembeni kwenye zile sahani zilizopasuka. Tope kavu lilikuwa linatoa sauti, vipovu vidogo vidogo vikitoka kwenye kila ufa, kama mafuta yanayoanza kupata moto. Baada ya nusu saa, ekari mbili zote zilikuwa zinameremeta. Yangeyange wawili walishuka hapo hapo.

Babu alisimama kimya. Kisha akaniambia, “Mara ya mwisho nimeona maji humu, nilikuwa na ngalawa ya baba.”

Mei

Mbegu za mchu zinadondoka. Ukiiokota inafanana na kunde nene, inavua ganda ikilowa, ndani majani mawili yamekunjwa tayari. Zinaingia zenyewe na maji ya kujaa, nyingi zinaishia kwenye mstari wa takataka chini ya tuta la magharibi.

Na takataka ni nyingi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019 na kwa kweli imepungua, lakini chupa, ndala, na vifungashio laini vinashuka na mvua kutoka mitaani hadi kijitoni. Kitu kibaya kuliko vyote ni yale mapande mapana yanayolala juu ya miche kama blanketi. Tunaokota kila baada ya bamvua, kwa mikono, kwa sababu reki inang'oa. Magunia 23 mwezi huu.

Julai

Mbuzi. Waliingia saba kwa pengo letu wenyewe maji yalipopwa, wakatafuna vichwa vya miche. Jani la mchu linatoa chumvi kwa chini, ukililamba unaisikia, na mbuzi wanalipenda kwa ajili hiyo. Nilikwenda kwa mama mwenye mbuzi nikiwa na hasira, nikamkuta anachambua mchicha. Alinikaribisha kiti kwanza. Akasema hakujua kuwa kuna kitu kinaota pale, maana hakuna aliyemwambia. Ni kweli, tulizunguka ofisi zote tukasahau nyumba ya jirani. Sasa anawafunga siku maji yanapopwa asubuhi, nasi tunampelekea majani ya mlusina kutoka kwenye uzio wetu. Sasa mwanawe wa kiume ni mmoja wa wahesabuji wetu.

Tulihesabu ndani ya vipande kumi vya mita mbili kwa mbili, tulivyovichagua kabla maji hayajaingia ili tusijipendelee. Miche hai ya mchu: 57. Vipande vinne havina kitu kabisa, vyote viko kona ya kaskazini. Kipande kilichoko kwenye mboga pwani peke yake kina 21. Hakuna hata mmoja tuliopanda. Chumvi ya maji yaliyotuama imeshuka hadi 48, isipokuwa kona hiyo hiyo ya kaskazini ambako bado ni 80. Kaa wadogo wenye gando moja kubwa wamehamia kando ya mkondo, matundu yao yamejaa, na kila tundu ni dirisha la hewa kwa tope. Mdiria mmoja ana kawaida ya kukaa juu ya mti wetu wa kupimia.

Watu wananiuliza kwa nini tusipande tu ile kona. Tukipanda leo tutazika miche kwenye chumvi ya 80, halafu tutapiga picha ya mistari. Nilishapiga picha hiyo.

Agosti 16

Kona ya kaskazini maji yanafika lakini hayatoki. Tuliweka chupa iliyojaa nusu maji ikaelea, tukaitazama: inazunguka mahali pamoja saa nzima wakati kwingine maji yanakimbia. Kuna kituta cha ndani, cha kugawa vyumba vya chumvi, hakizidi sentimita 25, kilichobaki chini ya tope. Tulikiruka kwenye vipimo vya Januari. Pengo la pili tulilopewa ruhusa litakuwa pale, pamoja na kukata kituta hicho.

Kazi ni maji mafu ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, kabla ya bamvua la mwezi mpevu wa Septemba. Tunakutana mapema juu ya tuta la kusini, upande usio na mboga pwani. Machepe tunayo manne, sururu mbili, moja imevunjika mpini. Anayeweza kuja na mpini wa sururu aje nao.