Nusu yai
Wiki ya 3 ya kupunguza kula. Mazoezi yanaenda vizuri, sina neno. Shida ni njaa.

Leo tumetoka mazoezini mimi na mwenzangu. Zoezi lile lile, kisha tukakaa kula, sahani zinafanana. Yeye kafika nusu, kaisukuma pembeni: "Nimeshiba."

Ameshiba!

Mimi yangu nimeikwangua hadi kijiko kikalia, halafu macho yakaganda kwenye yai lake lililobaki. Nusu tu. Kiini kimeshaanza kukauka pembeni. Sikumbuki mara ya mwisho nilitazama kitu kwa mapenzi kiasi kile.

Najua sababu. Ukijinyima ukapungua uzito, homoni ya njaa, grelini, hupanda, na ile ya shibe, leptini, hushuka. Na hapo watu hatulingani kabisa. Basi nimeongeza protini na mboga zenye nyuzinyuzi, natafuna taratibu. Inasaidia, lakini ikifika saa nne usiku tumbo linanguruma kama vile halikuwepo tulipokubaliana asubuhi.

(Na asiniambie mtu "kunywa maji tu". Nimekunywa mpaka nimekuwa mpangaji wa chooni.)

Yai nililiomba. Akanipa huku anacheka.

Wenzangu mnaojinyima, njaa ya usiku mnaidanganyaje?

Na nyie mnaoshiba nusu sahani, hebu semeni ukweli: mnakula wapi kwa siri?